Sauti ya Kuitia Nguruwe

Wanaume wazima, wenye vipara na miwani, walikuwa wakitokwa machozi kwa sababu ya sauti ya kuitia nguruwe, na katika wote hao hapakuwa na hata mmoja aliyejua ni kitu gani kinachomliza. Twyla Brubaker alijua. Sauti ilikuwa yake, na nguruwe walikuwa wa baba yake.

Baba yake, Orval, alifugia nje kidogo ya Pruett, Indiana, kwenye ardhi tambarare ambayo jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kutoka kitandani. Mtoto wa kiume hakupata, na mkewe alikuwa na kifua kibovu, kwa hiyo kazi ya kuwaita nguruwe jioni ilimwangukia Twyla tangu alipokuwa mdogo wa kubeba ndoo moja kwa mikono miwili. Sauti yake ilianza chini tumboni, ikapanda taratibu kama mtu anayevuta maji kisimani, kisha ikavunjika huko juu na kubaki hukohuko, inaelea, mpaka nguruwe wa mwisho atoke kwenye mahindi mbio mbio, masikio yakimpigapiga usoni. Suuuuu-wii. Hapakuwa na neno zaidi ya hilo. Alipokuwa msichana alisimama kwenye maonyesho ya wilaya na wanaume wenye vifua kama mapipa, akawashinda wote, akapewa utepe wa buluu. Baba yake aliutundika bandani. Ndiyo heshima pekee ambayo koo lake lilipata kwa miaka mingi, na alau alipewa na watu waliojua wanachokisikiliza.

Shule aliiacha mapema kumuuguza mama yake. Mama akafa hivyo hivyo, na shule hakurudi. Wakati huo ndipo Royce Kettering alipotokea.

Royce alikuwa mtoto wa mwenye duka la samani. Walimpeleka chuo kikuu, akakaa kidogo, akarudi na nywele mabegani na joho alilojishonea kwa pazia la mahameli la mama yake. Alikuwa na wenzake watatu wa aina hiyo hiyo na wakajiita Mnara wa Tisa. Minara minane iliyotangulia hakuna aliyepata kuiona. Muziki wao ulikuwa ule ambao mguu haujui ukanyage wapi. Ukidhani umeushika mdundo, wanaugeuza, kisha wanakutazama kwa huruma kama vile ni wewe uliyekosea njia. Walikuwa na wimbo mmoja uliojaza upande mzima wa santuri, habari za mfalme ambaye mavuno yake yamegeuka kioo, akapanda nyotani kwenda kulalamika. Tangu wimbo unaanza mpaka unakwisha, mfalme huyo hashiki jembe hata mara moja. Santuri yenyewe waliiita Mavuno ya Kioo.

Twyla alimpenda. Ni jambo la aibu lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa hajawahi kuona mwanamume anayenukia sabuni siku ya kazi. Wakaoana, na joho likavaliwa hata kanisani.

Sasa, Royce alikuwa anakitamani kinanda cha kanda. Hicho ni chombo ambacho kila kibonye ukikibonyeza kinavuta utepe uliorekodiwa sauti za watu, ukadhani kwaya nzima imejificha ndani ya kabati. Waingereza wenye majoho walikuwa nacho, kwa hiyo na Royce alikitaka. Baba yake alimwambia akanunue kitanda kwanza. Basi Royce akafanya alichokuja kukifanya maisha yake yote: alipokosa kitu, akamtazama Twyla.

Kiangazi kile alimwingiza kwenye ghala la mahindi la Orval, lile la bati, la mviringo, likiwa tupu. Akaning'iniza kipaza sauti juu, akafunga mlango.

"Ita kama unavyowaita," alimwambia kupitia tundu. "Ila usimalizie lile neno. Acha sauti tu, ipande."

Mle ndani palikuwa na joto la tanuri na vumbi la makapi. Sauti ilikwenda ukutani, ikarudi, ikajizunguka, ikawa ya wanawake kumi. Twyla aliita mpaka akasikia ladha ya chuma mdomoni. Kati ya mwito na mwito alivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyetoka kuzama, na pumzi zile nazo zikarekodiwa. Nje, nguruwe walikuwa wamelizunguka ghala wakipiga kelele, wakidhani chakula kimehamia humo. Royce alilazimika kuwafukuza kwa joho.

Santuri ilipotoka, jalada liliandikwa: Sauti za anga, kinanda cha kanda, Royce Kettering.

"Royce, kinanda gani?" Twyla aliuliza.

"Mpenzi, muziki kama huu unataka fumbo. Watu wakijua ni binti wa mfuga nguruwe, fumbo limekufa."

Hakuna aliyeinunua, wala fumbo lisingeokoa chochote. Maboksi yakawekwa chini ya ngazi, yakala unyevu. Jalada moja Twyla alilikunja akalisukuma chini ya mguu wa mashine ya kufulia iliyokuwa inatembea. Royce akanyoa, akaanza kuuza bima, na siku moja akaondoka na mwanamke aliyekuwa anamsafisha meno kwa daktari. Akamwachia Twyla nyumba yenye paa bovu na yale maboksi. Twyla akapata kazi jikoni kwenye shule ya watoto, akawachotea maharage watoto wa watu hadi nywele zikaanza kuingia mvi, na kila kiangazi alitandika meza uani akauza takataka za nyumbani: mitungi ya jamu, taa bila kofia, na santuri za Mnara wa Tisa. Watu wa Pruett walinunua mitungi.

Kumbe mpita njia mmoja alichukua santuri. Hiyo moja ikatosha kuwatia wazimu watu mpaka ng'ambo ya bahari.

Aliyefika mlangoni kwake alitoka Chicago na jina lake lilikuwa Milton Szabo. Alikuwa mwembamba, na fulana yake nyeusi ilichorwa mazimwi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na umri wa kuwa babu. Santuri aliikumbatia kifuani kama kitoto kichanga.

"Samahani mama, hapa ndipo kwa Royce Kettering?"

"Palikuwa kwake. Akapachoka."

"Unajua anakoishi sasa?"

"Anakoishi najua. Anachotafutiwa ndicho sikijui."

Szabo akaigeuza santuri ile ili aione. "Mama, unajua hiki ni kitu gani?"

"Najua. Moja kama hiyo inaizuia mashine yangu ya kufulia isitoke nje."

Mwanamume akafumba macho kama aliyepigwa kofi. Alipoyafumbua akaanza kueleza, na alipoanza hakujua kuacha. Alisema kuwa duniani kuna watu wanaotafuta santuri zilizosahauliwa, na wanatoa jarida lao, na katika zote walizozifukua hakuna iliyowatikisa kama Mavuno ya Kioo. Zaidi ya yote ni zile sauti za anga upande wa pili. Kinanda cha kanda, alisema, kina ugonjwa mmoja: kanda ni fupi, ukishikilia kibonye utepe unakwisha na sauti inakatika kabla mtu hajamaliza kupiga miayo. Kwa Royce haikatiki. Inapanda na kubaki juu kadiri anavyotaka. Basi ina maana Royce Kettering, peke yake, katika mji wa mahindi, aligundua namna ya kuishinda kanda. Na kati ya sauti na sauti unasikia mvumo mfupi, hhhaa, ambao wao kwenye jarida wamekubaliana kuwa ni utepe unajirudisha.

"Hiyo ni mimi navuta pumzi," Twyla akasema.

"Nini?"

"Sauti ni yangu. Na hiyo hhhaa ni pumzi yangu. Mle ndani palikuwa na joto."

Szabo akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto anayesema jana aliruka. "Mama, wengi wanadhani wanamsikia mtu. Ndiyo ustadi wake huo. Lakini jambo hili limeshathibitishwa. Kuna Mjerumani ameandika makala ndefu."

"Mjerumani huyo alikuwepo ghalani?"

"Ghala gani?"

"Basi, bwana. Nyumba ya Royce iko nyuma ya kituo cha mafuta, ina sanamu ya bata mlangoni."

Angeweza kuita pale pale barazani. Alilifikiria jambo hilo baadaye akiwa anamenya viazi, na akalikataa tena. Yeye si mbwa wa kuambiwa toa mkono ili wageni waamini ni mbwa. Uongo aliusema Royce, na Royce ndiye wa kuufuta kwa mdomo wake mwenyewe. Twyla alitaka kitu kimoja tu: jina lake liwe pale lilipotakiwa kuwa tangu mwanzo, na Royce aliseme mbele za watu. Sauti aliyoitoa ndiyo ilikuwa kitu pekee kizuri ndani ya ile santuri ya kipumbavu, na hata hicho kilikuwa na jina la mtu mwingine.

Royce akaja mwenyewe kabla wiki haijaisha. Alikuwa ameanza kufuga nywele upya, zile chache zilizobaki, akazifunga nyuma kama mkia wa panya.

"Twy," alisema, na hilo ni jina alilolitumia akitaka kitu.

"Kaa kama unakaa. Kahawa imekwisha." Birika lilikuwa linatoa mvuke nyuma yake.

"Wanaitoa upya, Twy. Jalada jipya, kila kitu. Na wanakuja hapa Pruett, wanataka nipige yote mbele yao, kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu. Watu wanatoka mpaka Kanada."

"Kanada hakuna kazi?"

"Huyu Szabo anasema ulimwambia kitu."

"Nilimwambia kweli. Hakuwa na pa kuiweka."

Royce akashusha sauti kana kwamba ukuta unasikiliza. "Sikiliza. Hawa watu wameandika kurasa na kurasa. Wanasema nilibuni mtambo. Wakijua ni sauti ya nguruwe, watacheka."

"Mimi nimechekwa mji mzima. Unaniona nimelazwa?"

"Hawatakucheka wewe. Watanicheka mimi!"

"Ee, ndiyo maana nataka."

Royce akamwangalia kwa yale macho yake ya mvua, yaliyowahi kumfanya auze mtamba wa marehemu mama yake ili yeye anunue ngoma. "Twy, hiki ndicho kitu pekee nilichonacho."

"Hunacho, Royce. Umekishika tu. Andika jina langu. Twyla Brubaker, sauti. Maneno matatu, hata wewe unayaweza. Ukisema na ukumbini, tumemalizana, sitakudai hata salamu."

Royce akaapa. Aliapa kwa kaburi la mama yake, yule mama aliyeibiwa pazia. Jina litakuwepo kwenye jalada, na atalitamka. Twyla hakumwamini, ila alingoja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Wanawake wa ukumbi ndio waliopika, kama wanavyopika harusi na misiba yote, na Twyla ni mmoja wao. Walipika kile kinacholiwa pale siku zote: tambi za kukatwa kwa mkono zilizopikwa na kuku, zinamwagwa juu ya viazi vya kuponda, na maharage mabichi pembeni. Mkubwa wao alikuwa Marvella Stuckey, mama mzee mwenye mikono kama makasia, ambaye alimjua Twyla tangu wakati wa utepe wa buluu. Jiko lilitazamana na ukumbi kupitia dirisha refu la kupitishia sahani, kwa hiyo walikuwa wakiwaona wageni wakiingia.

"Hivi hawa ni wanamuziki au wametoka kuchangia damu?" Marvella aliuliza.

Walikuwa wanaume watupu. Wamevaa nyeusi kwenye jua lile, wanapeana mikono bila kutazamana, wanashika santuri kwa ncha za vidole. Mmoja alikuja dirishani akauliza kama kuna chakula kisichokuwa na nyama.

"Zipo leso za karatasi," Marvella akamjibu.

Maboksi ya santuri mpya yalikuwa yamewekwa karibu na mlango wa jikoni. Dottie, mdogo wake Marvella, alichomoa moja, akafuta mikono, akaigeuza nyuma na kuisoma kwa sauti kwa sababu Twyla alikuwa ameacha miwani nyumbani.

"Sauti za anga na ubunifu wa kanda, Royce Kettering," Dottie alisoma. Kisha akaigeuza upande wa mbele.

"Endelea," Twyla alisema.

"Hapana kingine, mwenzangu."

"Kipo. Uso wako umebadilika. Soma."

Dottie akasoma huku anatazama sakafu. "Shukrani kwa aliyekuwa mke wangu, kwa uvumilivu na mikate ya kubandika."

Tambi zilikuwa zinachemka. Marvella aliweka upawa chini.

"Mikate ya kubandika?" alisema. "Vipande viwili na jamu katikati? Royce Kettering huyu aliyekuwa anakuja kwangu kula kwa sababu alikuwa ameuza friji yako?"

Twyla hakulia. Machozi yake yaliisha zamani, yaliishia kwa mwanamke wa meno. Alichukua jalada, akalitazama pale palipotakiwa kuwa na jina lake, akalirudisha bokisini. "Hata jina hakuweka," alisema. "Aliyekuwa mke wangu. Kama jina la barabara iliyofungwa."

Muziki ukaanza. Royce alikuwa juu ya jukwaa ndani ya joho, lile lile, likiwa halifungiki tena tumboni. Wenzake wawili walikuwa wamefufuliwa, na wa tatu alikuwa fundi wa mabomba sasa na akakataa kuja. Pembeni palisimama kinanda cha kanda cha kweli, kilicholetwa na wageni kutoka mbali, kizito kama jeneza, ili bwana mkubwa awaonyeshe kwa mikono yake alivyoishinda kanda. Royce alikuwa amekikodolea macho asubuhi nzima. Maisha yake yote alikuwa hajakigusa.

Mfalme wa kioo alihangaika na nyota zake, ngoma zikapotea njia na kurudi, wageni wakahesabu kwa vidole juu ya magoti, midomo ikitembea. Wanawake wa jikoni walichota viazi. Hatimaye ikafika ile sehemu. Szabo, aliyekaa mbele kabisa, akavua miwani kwa heshima. Royce akainua mkono, akaushusha kwenye vibonye.

Kwaya ikatoka ndani ya kabati, nyembamba, kama inasikika kupitia mto wa kulalia. Ikapanda kidogo. Ikakatika.

Royce akabonyeza tena. Ikapanda kidogo. Ikakatika.

Nyuma ya dirisha, Dottie alianza kucheka kwa pua, akajiziba na aproni.

"Ni umeme wa ukumbi huu," Royce akasema kwenye kipaza sauti. "Nyaya za zamani." Jasho lilimtoka mpaka mkia wa panya ukamshika shingoni. Akajaribu kibonye kingine, na hicho kikakatika kwa mlio wa paka aliyekanyagwa. Mpiga ngoma akaacha kupiga. Wanaume wale wakanyoosha shingo, wanangoja muujiza. Szabo akasimama.

"Royce, ule mtambo wako. Ule wa zamani. Ulikuwa unafanyaje?"

Royce akaondoa mikono kwenye vibonye. Alitazama huku na huko, na macho yakamponyoka, yakaenda hadi kwenye dirisha la jikoni. Hapo ndipo Twyla alipoona kwamba anamwomba. Hata sasa, ametoka kumwita mikate, alikuwa anamwomba amtolee sauti ili mashine ionekane imepona.

Twyla akasogea dirishani. "Sema, Royce," alisema. Hakupaza. "Wote wanakusikiliza. Sema ni nani."

Vichwa vikageuka. Royce akalamba midomo. Alikuwa na nafasi nzuri kuliko alizowahi kupewa na mtu yeyote, na kipaza sauti kilikuwa mdomoni mwake tayari.

"Msijali," aliwaambia wageni, akicheka kicheko cha muuza bima. "Huyo ni mama wa jikoni, anatania. Nadhani anataka mle kabla hakijapoa."

Baadhi yao wakacheka kwa adabu. Szabo akavaa miwani.

Marvella akageuka na kumtazama Twyla, mikono kiunoni. "Umesikia bwana alivyosema? Chakula tayari. Basi fanya kazi yako, mama wa jikoni. Waite."

Twyla alikuwa hajaita tangu baba yake auze shamba. Aliweka sahani chini. Akapanua miguu kama alivyofundishwa, akavuta pumzi, hhhaa, na mstari wa mbele wakashtuka kwa sababu waliujua mvumo ule kama wanavyojua majina ya watoto wao, kama wanao. Kisha akaita.

Ilianza chini na kukwaruza, ina kutu. Halafu ikaipata njia yake. Ilipanda, ikavunjika pale pale ilipokuwa inavunjika siku zote, ikabaki juu ikielea chini ya dari la bati la ukumbi ule, ikazunguka, ikawa ya wanawake wengi, na haikukatika mpaka yeye alipotaka. Na mwisho, kwa kuwa safari hii hapakuwa na Royce wa kumzuia kwenye tundu la mlango, akamalizia na neno lake.

"Suuuuu-wii!"

Wanaume wote ukumbini walikuwa wamegeuka kwa pamoja, shingo zimenyooka, midomo wazi. Wachache walikuwa wameshainuka vitini bila kujua wanakwenda wapi. Mmoja wa nyuma alikuwa analia. Twyla aliwatazama kupitia dirisha, akaona hajawahi kuona kitu kinachofanana na uwanja wa baba yake namna ile. Walipungukiwa masikio tu.

"Royce." Szabo akageukia jukwaa. "Huyo ni nani?"

"Ni... aliyekuwa mke wangu."

"Ana jina?"

Royce alishika kinanda kama kitamwokoa. "Twyla."

"Twyla nani?" Huyo alikuwa Marvella, na alitumia sauti ya kuwatisha mbwa.

"Twyla Brubaker," Royce akasema kwenye kipaza sauti, na ukumbi wote ukalisikia, mpaka choo cha wanaume. "Ni yeye. Kwenye santuri ni yeye. Sikuwa na kinanda."

Szabo akaja mpaka dirishani, taratibu, kama mtu anayekaribia madhabahu. "Mama. Ile uliyoimba. Ni nini? Ni lugha gani ile?"

Royce kule jukwaani alifumba macho.

"Ni mwito wa kuwaita nguruwe waje kula," Twyla akamjibu. "Na nyie mmekuja. Chukueni sahani, mpange mstari."

Walipanga mstari. Hilo ndilo lililowachekesha wanawake mpaka Dottie akalazimika kukaa chini ya sinki. Walipanga mstari kweli, wamenyamaza, kila mmoja na sahani yake ya karatasi, na kila aliyefika mbele ya Twyla aliinamisha kichwa na kusema asante kabla hajapewa chochote. Hata yule asiyekula nyama alikula kuku na tambi zake, na akarudi kuongezwa. Royce hakupanga. Alikaa ukingoni mwa jukwaa, joho limemkunjamana mapajani, na hakuna aliyempelekea sahani.

Jalada likachapwa tena, safari hii na jina, herufi zote mahali pake. Jarida lao nalo likatoka, na Szabo akamletea nakala mwenyewe. Dottie, aliyechota naye maharage kule shuleni, alilisoma jikoni wakati wa mapumziko. Jina walilipatia. Mengine yote waliyakosea: waliandika kwamba Bi Brubaker ni mrithi wa uimbaji wa kale wa ibada ya wakulima, unaofundishwa kwa siri mama kwa binti, na kwamba yule Mjerumani anaandaa makala ndefu zaidi.

"Ibada," Twyla alisema. "Waandikie kuwa madhabahu ilikuwa na pumba."

Royce alipiga simu majira ya mavuno. Wanawataka Chicago, alisema, wote wawili, jukwaa moja, yeye kwenye vinanda na Twyla kwenye sauti, na jina la Twyla lingekuwa la kwanza, angalia, la kwanza kabisa.

"Twy? Upo?"

"Nipo. Nakata mkate," alisema Twyla, "wa kubandika." Akaweka simu chini, akala amesimama.